Ruta Zinazosalimiana

Kwetu Ufipa hupiti mlangoni kwa jirani bila kusalimu. Siku asipoitikia, unajua kuna jambo, na mtaa mzima utajua kabla chai haijachemka. Hivyo ndivyo nilivyomweleza bosi wangu, mnunuzi wa mahindi pale Majengo, alipouliza kwa nini nafuta kazi ya fundi aliyenitangulia.

Fundi yule aliziandikia ruta zetu, vile visanduku vinavyoelekeza taarifa za kompyuta, njia moja tu ya kuzipitisha, ile ya mnara wa mtandao. Mnara ukizima, ghala letu la Laela halitupati, na modemu ya kupiga simu, inayopitisha taarifa kwenye laini ya simu, ipo pale pale inakula vumbi. Iliniudhi kila nilipoiona. Nikazipanga ruta za pande zote mbili zisalimiane muda wote. Salamu inayopita kwenye mnara isipoitikiwa, zipeane habari zenyewe na taarifa zipite kwenye simu.

Bosi hakuamini. "Nionyeshe," akasema.

Nikampigia karani wa Laela, dada asiyependa kusubirishwa, nikamwambia aendelee kuingiza uzito wa magunia kwenye kompyuta, kuna kitu nakijaribu. Kisha nikachomoa waya wa mnara mbele ya bosi. Modemu ikalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, ikatulia. Uzito ukaendelea kuingia kwenye skrini yetu, polepole, gunia baada ya gunia.

Jioni karani akapiga simu. "Fundi, hilo jaribio lako unalianza saa ngapi? Mimi nataka kufunga."

Nikaiweka simu kwenye spika, nikamwomba arudie, bosi asikie.