Matete ya Silanga

Nikiwa mdogo, huko Magharibi, babu yangu akitengeneza busaa, ile pombe ya nafaka, hakuna mgeni aliyegusa mrija kabla yake. Mwenye mtungi ndiye alianza. Ukimwona amemeza, unajua ndani hakuna kitu kibaya. Mara moja tumbo lilimkataza, na wageni wakakaa pale mpaka jioni, koo kavu, wakiongea habari za mvua. Mimi nilicheka, nikachapwa. Hiyo ni hadithi ingine.

Nilitaka kusema juu ya jirani yangu. Tulikaa ploti moja Kawangware, mlango wake ukiangalia wangu, yeye akienda kila asubuhi kulima mboga ya sukuma kule Silanga, kando ya mtaro wa maji machafu. Shida yake ilikuwa akina mama wa mboga pale 56, soko la stendi yetu. Walikuwa wamekataa sukuma yake. "Hiyo imenyonya maji ya choo," walisema. Na bila 56 hana shamba, atafunga virago arudi kwa mke wake kijijini.

Ndipo watu wa kaunti wakaja na wazungu, wakasema mji wetu na mji fulani wa mbali imekuwa ndugu. Mimi nilidhani ni maneno ya hoteli. Lakini mzee mmoja wa kwao, mtu wa bustani, alibaki. Alivua viatu akaingia tope na jirani yangu, wakapanda matete kwa mtaro, maji yapitie humo kwanza kabla ya kufika shambani. Jirani naye akamfundisha kupanda sukuma kwa gunia. Nasikia huko kwao sasa wazee wanapanda hivyo mlangoni. Maji nayo niliyaona mwenyewe: yaliingia meusi, yakatoka unaona mchanga chini. Watu wa kaunti wakayapima, wakasema ni sawa.

Tukapeleka fungu la kwanza 56. Yule mzungu, kwa furaha, akachomoa jani akalitafuna bichi mbele ya akina mama. Walicheka mpaka mmoja akakalia nyanya zake.

"Huyu akiugua si atapanda ndege aende kwao!" akasema mwenye nyanya. "Halafu ni mgeni. Tangu lini mgeni akaonja kwanza? Wewe baba, mwenye shamba, kula."

Jirani akashika jani. Sasa, kuna kitu mimi nilijua na wao hawakujua. Sukuma ya kupika kwake alikuwa akinunua kwa kibanda cha pale getini kwetu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akila yake.

"Kula basi, mzee wangu. Ukila leo, kesho leta gunia nzima," mwenye nyanya akamhimiza.

Akaligeuza jani, akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Mzungu akampigia makofi kidogo, akitabasamu. Jirani akalirudisha jani juu ya fungu, akalinyoosha vizuri, akapangusa mikono kwa suruali, akaenda zake upande wa stendi. Tulidhani anatafuta maji ya kuliosha.

Hakurudi, siku hiyo wala ingine.