Santuri Juu ya Uchaga

Juzi nilikwenda Bagamoyo kwenye maziko ya jirani yetu wa zamani, nikapitia mtaani kwetu. Nyumba ya bibi haipo tena. Pale palipokuwa na jiko la uani pana kibanda cha kijana anayetengeneza simu. Ameweka spika nje, inapiga muziki tangu asubuhi mpaka anapofunga, na sikuona hata mtu mmoja aliyekuwa akiusikiliza. Nilisimama pale nimekasirika, na kijana wa watu hajanikosea kitu. Yeye nisingeweza kumweleza. Wewe nitakueleza, maana najua una subira na wazee wa namna yangu.

Sisi tulikua wakati muziki ulikuwa kitu cha kushikwa kwa mikono miwili. Nazungumzia santuri, zile nyeusi nzito, ambazo zikikuponyoka zinapasuka vipande kama kigae. Mtaani kwetu gramafoni ilikuwa moja tu, ya mume wa shangazi yangu. Alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu mwenye haya nyingi, na alikuwa na wazimu wa santuri. Sisemi alizipenda, kupenda tunapenda sote. Huyu alikuwa radhi ashinde na muhogo mkavu na chai ya rangi mwezi mzima, mradi Ijumaa apande lori kwenda Dar es Salaam akarudi na santuri moja kwapani, ameifunga ndani ya kanzu yake mwenyewe.

Masharti yake yalituchosha. Santuri haishikwi katikati, inashikwa pembeni kwa viganja. Haipigwi kabla ya kufutwa kwa kipande cha mahameli alichokiokota katika mabaki ya duka la tajiri wake. Kila upande mmoja sindano mpya. Na waliokuwa wakinoa sindano kuukuu kwenye kinoo ili waokoe senti, aliwaita wauaji, na alikuwa hatanii. Jioni wenziwe walikuja barazani, muuza kahawa na wavuvi wawili watatu, wakabishana kuhusu waimbaji wa Misri na wa Bombay kana kwamba ni ndugu zao wa tumbo moja. Walikuwa na mchezo wao. Mwenye nyumba anaweka santuri bila kuonyesha karatasi yake ya katikati, anaachia ile mikwaruzo ya mwanzo tu, kabla kinanda hakijaingia, kisha anainua sindano. Haya, santuri gani hiyo? Wanaume wazima walifumba macho wakitega masikio kusikiliza mikwaruzo!

Bingwa wao hakuwa barazani. Alikuwa shangazi, ndani ukumbini, anakuna nazi. Alikuwa akitaja jina la mwimbaji huku mbuzi yake ya nazi haijanyamaza, na barazani wakaanza kuapa kwamba amechungulia. Mume wake alicheka mpaka akafuta machozi. Harufu ya kahawa, mlio wa mbuzi, kicheko kile: kwangu mimi hiyo ndiyo Bagamoyo.

Kabla ya Vita vya Pili, mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alileta mafundi wa kunasa sauti, na kikundi cha waimbaji wa mjini kwetu kikaitwa. Walipungukiwa mwitikiaji mmoja, wakamchukua mume wa shangazi. Santuri ilipokuja, mtaa mzima ulijazana. Waitikiaji walikuwa wanne, na yeye, kwa haya zake, alikuwa akichelewa kidogo. Kila kiitikio wenzake walipokwisha kunyamaza, sauti yake nzito ilibaki peke yake, inamalizia neno la mwisho. Barazani walimtania mpaka akaingia ndani. Lakini shangazi alifurahi kupita kiasi. Alisema angewahi kama wenzake, nani angejua kama yumo?

Kisha vita vikaja, akachukuliwa uaskari, akapelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Hakuwahi kupiga picha. Alichoacha ni kaptura mbili, cherehani iliyokuwa ya tajiri, gramafoni, na kasha la santuri.

Shangazi akarudi kwa mama yake, yaani kwa bibi, nilikokuwa nikilelewa, na gramafoni ikaja naye. Alhamisi baada ya alasiri wanawake walikuja uani na ukili wao wa kusuka, tukatafuna kashata na bisi, na shangazi akapiga santuri kwa masharti yale yale ya mumewe, labda kwa ukali zaidi. Ya mwisho siku zote ilikuwa ile aliyoitikia mumewe. Ikifika kwenye kiitikio mikono ilisimama. Hata bibi, ambaye mwanzo aliliita lile sanduku la shetani, alivuta mkeka wake karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anaishi kwa masikio.

Siku moja asubuhi tarishi wa bomani alisimama mlangoni, akavua kofia kabla ya kupiga hodi. Nilikuwa napepeta mchele. Kelele aliyoipiga shangazi sitaki kuisimulia.

Nyumba yenye msiba haina muziki, hilo unalijua. Na mjane akikaa eda hajipambi, wala hafurahishwi na chochote. Watu walikuwa wameanza kumiminika kuja kuhani, na bibi aliona si heshima wakute kasha la santuri sebuleni. Akalibeba mwenyewe. Hakulitupa ovyo. Alilipeleka mahali ambapo kila mwanamke wa kwetu aliweka kitu asichotaka kipotee: juu ya uchaga, ile dari ya miti iliyo juu ya mafiga, jikoni. Huko ndiko kulikokaa mahindi ya mbegu na mikeka ya arusi. Moshi unafukuza mchwa, panya hapandi, unyevu haufiki. Alilitandikia gunia chini, akalifunika na kanga yake nzuri.

Kwa mbegu, hapana mahali bora. Ila santuri za wakati ule zilikuwa na utomvu ndani yake, ndugu ya ile lakiri ya kubandikia mihuri, na utomvu na moto havikai pamoja. Nani wa kumwambia bibi? Aliyeyajua hayo alikuwa amekufa Bama, na mkewe amekaa chumbani na nguo nyeupe, hajui kasha limewekwa wapi. Jikoni moto haukuzimika. Wali wa matanga, kisha wageni wa mbali, kisha kila siku uji na mchuzi.

Eda ilipokwisha walimkogesha shangazi, wakamfukiza udi, wakamvika kanga mpya. Hakutaka chakula. Alitaka kasha. Bibi alipanda juu ya kinu akalishusha, akalipangusa masizi, amejaa fahari.

"Hata mchwa mmoja hajaligusa," alisema. "Fungua uone."

Shangazi akafungua. Nilikuwa ubavuni kwake, nikaona. Zilikuwa zimelegea na kulaliana, pembeni zimejikunja kama chapati iliyosahauliwa chomboni.

"Zipo zote, mwanangu?" bibi aliuliza, uso ameuelekeza upande mwingine kidogo, kama wafanyavyo wasioona vizuri.

"Zipo, mama. Umezitunza. Ahsante."

"Basi tuwekee ile yake. Nami nina hamu nayo."

Shangazi alinishika mkono, tukaingia chumbani, akarudishia mlango. Akaibandua ile santuri, akaifuta kwa mahameli, akatia sindano mpya. Akageuza mpini. Santuri ilizunguka ikipanda na kushuka, sindano ikaruka, ikakwaruza, ikaruka tena. Akaiinua. Kule uani bibi alikuwa anangoja.

Ndipo shangazi akaweka kiganja mdomoni na kuanza kuimba. Aliimba kwa sauti ya chini kabisa, ya kifuani, mashine ikizunguka na kuvuma bila sindano. Alipofika kwenye kiitikio alichelewa kidogo, kama mumewe, akamalizia lile neno la mwisho peke yake. Machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni, lakini sauti haikutikisika. Nilimwogopa.

Kutoka uani bibi akasema, "Mungu amrehemu. Sauti alikuwa nayo."

Kama alidanganyika kweli, sijui. Alhamisi iliyofuata aliomba tena, na iliyofuata tena, na shangazi akaingia chumbani kila mara, mpaka bibi alipofariki. Mazishi yalipokwisha gramafoni aliigawa. Kasha alilichoma mwenyewe, na moshi wake ulikuwa mweusi, unawasha macho.

Nilipokuwa mwari wa kuposwa nilikwenda kumuaga shangazi. Alikuwa akiishi peke yake upande wa Mbegani, anashona nguo za watu. Barazani kwake hapakuwa na mchezo wowote, na wale wa zamani wengi walikuwa wamekwisha kufa au kuhamia Dar. Nilitaka kumfurahisha, nikamuuliza kama bado anaisikia sauti ya mumewe.

Aliacha kushona. "Nikiitafuta, inakuja ya kwangu," alisema. "Nimeimba mno, mwanangu. Nimemfunika." Akaninyanyulia macho. "Wewe ulikuwepo tangu mwanzo. Wewe unayo?"

Nikasema ninayo.

"Basi niimbie."

Niliamini kabisa kwamba ninayo, ndiyo maana nilijibu upesi. Nikashusha sauti, nikaimba, nikafika kwenye kiitikio, nikachelewa pale pa kuchelewa. Shangazi alisikiliza amefumba macho, vile walivyokuwa wakifumba barazani, mpaka nilipomaliza lile neno la mwisho. Kisha akaichukua tena sindano yake na uzi.

"Hiyo ni mimi," alisema.