Mjusi wa Kale Alivyopaa Mbele ya Mkaguzi

Ukuta wa upande wa kitanda changu ulibandikwa kurasa za magazeti kwa uji wa ngano, kama nyumba zote za wafanyakazi wa shamba letu, ili baridi ya Elmenteita isipenye kwenye nyufa za udongo. Wenzangu walilala wakitazamana na matangazo ya sabuni. Mimi nililala nikitazamana na mjusi mwenye mabawa.

Maelezo chini ya picha yalisema aliishi zamani mno. Mimi nilijiongezea kwamba hata mlima Longonot ulikuwa haujazaliwa. Bawa lake lilikuwa ngozi tupu, bila unyoya hata mmoja, iliyotanda kutoka ubavuni hadi ncha ya kidole kimoja kirefu ajabu. Mifupa yake ilikuwa na uwazi ndani kama mwanzi, ndiyo maana hakuwa mzito. Akifungua mabawa, chumba chetu kisingemtosha. Sasa dude kama hilo lilitokaje chini likafika juu? Hapo ndipo maelezo yalipoingia chini ya tangazo la sabuni, na mama alikuwa amepaka uji mzito. Hakuna ukucha ulioweza kulibandua.

Baba alikuwa mchuna ngozi wa shamba, na suala la yule mjusi alilichukua kama kesi yake mwenyewe. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. Jumapili baada ya ibada tulitembea hadi ziwani kuwatazama mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, na ubishi ulianza kabla hatujakaa.

"Hii kitu ilikuwa inakimbia kwanza, kama mwari kwa maji," alisema Baba. "Inakimbia, inakimbia, halafu upepo inaishika."

"Na hiyo miguu, Baba? Si uliona vile ni nyembamba? Itakimbia na nini?"

"Basi sema wewe, mwalimu."

"Ilipanda kwa mwamba, ikangoja upepo, ikajiachilia."

"Na ikishuka chini kukunywa maji, inangoja nani aibebe airudishe juu?"

Hapo nilikuwa nanuna, naye anacheka hadi anakohoa.

Mwari wenyewe hawakuwa na haraka. Asubuhi walikaa tu, wazito, hadi jua lilipoipasha ardhi moto. Ndipo walipopanda wakizunguka, mabawa yametanda bila kupigwa, hewa ya moto ikiwabeba hadi wakawa vidoa juu ya machimbo meupe ya Kariandusi. Kukaa hewani, basi, nilikuelewa. Kilichonishinda ni ile hatua ya kwanza.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa majaribio katika shule ya shamba. Mkaguzi angekuja kutazama somo langu moja tu, na hilo ndilo lingeamua kama napata cheti. Nikianguka, kulikuwa na kapu na shamba la pareto, nichume maua na akina mama hadi migongo yetu ifanane. Baba alilitamka mbele ya nyumba nzima: "Mara moja tu. Ukianguka, unarudi kwa pareto." Tena Baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma akisema. Niliogopa hadi nikawa naota mkaguzi asiye na uso.

Somo lilikuwa la wanyama, mnyama yeyote. Mwalimu mkuu alinishauri nifundishe faida za ng'ombe. Kila mtu alifundisha faida za ng'ombe; nadhani mkaguzi mwenyewe alizijua hadi usingizini. Lakini mimi sikio langu lilikuwa la kufa. Nikachagua mjusi wa ukutani, na nikamwomba Baba anitengenezee bawa lake.

Alilitengeneza kwa ngozi mbichi ya mbuzi, akaiwamba juu ya fito, nene ya mkono na nyembamba ya kidole, kwa ufundi wake wote. Ilikaza kama ngoma. Tulipoibeba kwenda shule asubuhi ya siku yenyewe, ikiwa bado na unyevu, tulijiona watu wa maana. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria jambo ambalo Baba aliliona kila wiki ya maisha yake: ngozi ikikauka, hujivuta. Yeye alizoea kuiwamba ardhini kwa vigingi, na ardhi haipindi. Fito hupinda.

Bawa tuliliegemeza ubaoni, penye jua la dirisha. Siku ya ukaguzi wazazi walikuwa na desturi ya kuja kuchungulia, na Baba alikuwa dirishani na koti lake la kanisani, kibali cha kutembea kikiwa mfukoni, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari na hata kwenda shule iliyo karibu kulitaka ruhusa. Mkaguzi aliketi nyuma, kofia magotini. Nikaanza vizuri. Nikaeleza kidole, nikaeleza mifupa, nikawaeleza habari za mwari na hewa ya moto. Ndipo fito zikaanza kulia. Kwi. Kwi. Bawa likajikunja taratibu mbele ya macho yetu, hadi kile kidole kirefu kikasimama nyuma kama mkia wa paka. Watoto wakaangua kicheko.

"Na mnyama huyo, mwalimu," mkaguzi akauliza, "alipaaje kutoka chini?"

Nina hasira za karibu, sijawahi kukana. Nililitazama lile bawa lililoniaibisha, na nikaona kitu. Kidole kikiwa kimekunjwa nyuma, kilichobaki mbele kilikuwa mkono, mnene, umekanyaga sakafu kama mguu wa mbele wa mbuzi. Yule mjusi mikono yake ndiyo ilikuwa na nguvu! Kwa nini aiache ikae bure wakati wa kuruka?

"Alipaa hivi!" nikasema, na nikainama na gauni langu lililopigwa wanga, viganja na nyayo chini, mbele ya mwanamume mgeni na wazazi wa watu. "Anakunja kidole nyuma. Anasukuma na mikono!" Nikaruka.

Nadhani nilifika usawa wa dawati. Nilipotua, vumbi jeupe la chaki lilitimka, na darasa zima likashuka sakafuni kujaribu. Watoto waliruka kama panzi. Mkaguzi aliinua kofia yake isikanyagwe.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wapo wataalamu wanaosema hivyohivyo: kwamba alijirusha kwa miguu yote minne, mikono ikifanya kazi kubwa. Wengine bado wanabisha. Sitajisifu. Nitajisifu kidogo.

Siku ile, hata hivyo, mkaguzi aliniita kando akaniambia bila ukali kwamba wanafunzi wangu wameelewa, lakini mwalimu hatambai mbele ya darasa. Hakuweza kunipitisha. Mwaka ujao angekuja tena, kama ningekuwa bado pale.

Baba aliningoja barabarani. Tulitembea hadi nikashindwa kujizuia, nikalia waziwazi, kamasi na yote.

"Nimeanguka, Baba."

"Nimesikia."

"Yule mwalimu mkuu aliniambia. Sikusikia."

"Hukusikia, ndiyo." Kisha kicheko kikamponyoka. "Lakini mama yangu, vile uliruka!"

Sikucheka. Nilikuwa nimeshaliona lile shamba, safu kwa safu. "Kesho nitaamka mapema," nikasema, "niende kwa pareto na wengine."

"Uende kufanya nini? Mahali yako iko na mtu."

"Mtu gani?"

"Msichana wa jirani. Leo asubuhi, kabla nikuje kwa shule, nilipitia kwa mnyapara nikamwambia asikungoje. Hata mwaka ujao."

Nikasimama katikati ya barabara. "Lakini ulisema mara moja tu. Na asubuhi ulikuwa hujui kama nitapita."

"Sikuwa najua," alisema Baba, na akanishika kiwiko ili tuendelee kutembea.