Mjane wa Nakwa na Njia ya Viboko

Mwaka 1984 sukari ilikuwa haionekani Babati, sabuni ilipatikana kwa kujuana, na watu walikula unga wa njano wa msaada huku wakiusema vibaya. Katika hali hiyo, balozi wa nyumba kumi, mzee Damasi, alimpeleka mgeni nyumbani kwa Xaveria, kule Nakwa.

"Mama Melkiadi, huyu ni Kandida, mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Ana utafiti wake hapa ziwani. Tumeona akae kwako, maana una chumba."

"Shikamoo, mama," msichana akasema.

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Chumba kilikuwa kitupu kweli, kwani watoto walishaondoka na mume alikuwa marehemu. Xaveria akasonga ugali, akachemsha mboga, na walipokuwa wakila akauliza, "Unachunguza nini? Samaki?"

"Viboko, mama."

Xaveria akanawa mikono, akatoka nje. Hakurudi kumalizia chakula.

Kesho yake jirani alimweleza Kandida sababu. Pantaleo, mume wa Xaveria, aliuawa na kiboko alfajiri moja, ukingoni mwa shamba lao. Na kana kwamba msiba haukutosha, watu walisema alikuwa amelewa, kwa kuwa mtu mwenye akili zake hamsogelei kiboko. Hata Tadeo, mdogo wake Pantaleo, aliyasema hayo matangani. Xaveria alijua mumewe hakuwa amegusa pombe, lakini neno la mjane halikulishinda neno la Tadeo.

Kandida aliomba radhi, akaanza kukusanya vitu vyake ahame.

"Uhamie wapi?" Xaveria akamwambia. "Kaa. Ila habari za hao wanyama wako usiniletee."

Wakaishi hivyo. Gari la chuo lilikuwa limemshusha likaondoka, na kwa shida ya petroli halikuonekana tena, kwa hiyo Kandida alizunguka ziwa kwa miguu. Akirudi na matope hadi magotini, alikuta maji ya moto yanamsubiri. Taratibu wakazoeana. Siku moja wakichambua maharage, Xaveria akauliza mwenyewe, bila kuinua macho.

"Wewe umesoma. Kwa nini alimuua?"

"Sijui, mama. Ukinionyesha mahali, nitaangalia."

Xaveria hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Walikwenda jua likiwa limeshapanda. Kandida aliinama, akafuata bonde jembamba lililotoka ziwani, likapita katikati ya shamba, likaelekea kwenye nyasi za mlimani.

"Hii ni njia yao," alisema. "Wanatoka majini kwenda malishoni, wanarudi alfajiri kwa njia hii hii. Naona wameitumia tangu zamani sana. Baba alikuwa anakwenda wapi?"

"Kuchota maji. Alikuwa na ndoo."

"Basi inaelekea kiboko alikuwa anarudi, akamkuta kati yake na ziwa. Kiboko akizibiwa njia ya kurudi majini hazunguki, mama. Hata mtu asiyejua ladha ya pombe asingepona."

"Tulipoteremka kutoka Mbulu kuja kuishi hapa tulidhani ni mfereji wa mvua tu," Xaveria akasema polepole. "Pantaleo aliufukia kwa jembe, tukapanda mahindi juu yake, nao wakauchimbua tena kwa miguu."

Akakaa chini kwenye majani, akalia sana. Kandida akakaa naye mpaka alipomaliza.

Msimu ule Xaveria aliiacha njia bila kuilima. Tadeo akaja amekasirika.

"Njaa yote hii, unamgawia ardhi mnyama aliyemuua kaka yangu?"

"Simgawii. Alinitangulia hapa. Na kaka yako hakuwa mlevi, shemeji. Keti nikueleze."

Tadeo aliketi, akasikiliza hadi mwisho, akaondoka. Asubuhi iliyofuata alirudi na panga na mzigo wa matawi ya manyara, mti ule wa utomvu mweupe ambao mifugo hawaugusi. Akaanza kuyachomeka kandokando ya njia, pande zote mbili. Xaveria akachukua jembe akamsaidia. Jumapili, watu walipotoka kanisani, Tadeo aliwaita wazee akawaambia mbele ya shemeji yake kwamba alimsingizia kaka yake, na kwamba asisikie tena mtu akiyarudia.

Mvua zilipokuja, ua ule wa manyara ulishika. Kiboko mmoja mkaidi aliupenya akala maharage, lakini wengine walipita njiani kwao, na Xaveria akavuna mahindi ya kumtosha. Majirani wawili nao wakawaachia viboko njia mashambani mwao. Akina mama wakakubaliana wachote maji upande mwingine, na wasishuke ziwani kabla hapajapambazuka vizuri.

Kandida aliondoka kwa lori la mahindi, Xaveria akilia kama aliyemwozesha binti. Chuo kikaleta wanafunzi wengine, na kila aliyefika alielekezwa kwa Mama Melkiadi. Aliwapeleka njiani asubuhi, akiwasimulia kwanza Pantaleo alikuwa mtu wa namna gani, jinsi alivyopenda kuimba akipalilia. Habari za viboko zilifuata baadaye.