Mawaridi Kando ya Gereji

Kabla ya kukubali kumwaga zege la gereji ya mtu yeyote hapa Dalby, mji wetu wa Australia, jirani yangu fundi huchutama, akaingiza vidole kwenye nyufa za udongo mweusi na kuvitoa taratibu, kama anayempima mtoto homa. Udongo wetu huvimba mvua ikinyesha, hunywea ukame ukishika, na zege lililo juu yake hupasuka. Ndiyo maana kauli yake ni ileile: "Maua kando ya zege, marufuku! Ukimwagilia upande mmoja utainuka. Usije ukanililia." Mkewe, Glenys, aliyetaka mawaridi yake ukutani mwa gereji, alikuwa akimtania, "Mzee, umeoa udongo au umenioa mimi?" Kisha akayapanda kule mbali, kwenye uzio.

Jana nilimfuata animwagie zege la sakafu ya gereji yangu. Nilimkuta na mpira wa maji, anamwagilia mawaridi ya marehemu mkewe, ambayo yeye mwenyewe ameyatoa kwenye uzio na kuyahamishia ukutani mwa gereji yake. Sakafu ilikuwa imeinuka, na mlango wa gereji haufungiki tena.

"Jirani, zege lako lina ufa," nikamwambia.

"Nauona," akajibu bila kugeuka, akasogeza mpira kwenye waridi linalofuata.