Kamba ya Bibi Afya

Bibi afya wa kata yetu hutembea na kamba ya katani, na kila nyumba iliyoingiwa na kipindupindu huizungushia. Sauti yake ndogo, lakini neno halirudii. Mikono imechubuka kwa dawa ya klorini. Hampi mtu mkono. Atapiga goti na gambuti zake, aseme shikamoo toka mbali, kisha aimwage pombe yako chini, eti inaeneza ugonjwa. Nilimchukia, sifichi.

Siku ya Jumanne alizungushia kamba nyumba ya dada yangu Ruthu, aliyekufa alfajiri. Akasema ndugu hawaruhusiwi kumwosha. Mimi ndiye ninayeosha maiti wa kike wa ukoo wetu. Nikamwambia, "Mtoto wa juzi wewe, utanifundisha kuosha?"

"Sikufundishi, bibi. Ukimgusa, kesho kamba hii naileta kwako."

Nikavusha mguu mmoja juu ya kamba. Hakunishika. Alikuwa anavaa glavu, akauliza, "Nyumbani mlikuwa mnamwitaje?"

"Mama Zablon."

Akaingia, mlango akauacha nusu wazi ili nione. Nikamsikia: "Mama Zablon, samahani, maji haya yananuka dawa. Nakuinua mkono wa kulia. Sasa nakugeuza, vumilia kidogo."

Ndivyo ninavyosema na maiti mimi, miaka yote, na yeye sikumfundisha.

Nikaurudisha mguu wangu nyuma ya kamba.

"Na nyuma ya masikio," nikamwambia. "Hapo wengi husahau."