Mtungi wa Rangi Mpya

Ulipompelekea Dishon Makokha mtungi wa gesi aufunge kwenye gari lako litumie gesi badala ya petroli, kabla hata ya kukusalimu vizuri alitoa kisu na kuukwangua rangi kitakoni. Wenye magari walimnunia. Wengine waliapa hawatakanyaga tena gereji yake pale Makadara, naye akawaambia njia ni ile ile waliyojia. Mafundi wenzake walisema uzee unamwingilia mapema, mtu wa miaka arobaini na miwili. Sababu alikuwa nayo, ila hakumwambia mtu.

Mwaka wa themanini, petroli ilipoadimika na watu kuanza tena kuulizia gesi, Teresiah alifika na pikapu yake ya kusambazia mikate. Alikuwa mjane wa Mbuthia, aliyefanya kazi na Makokha katika gereji hiyo hiyo. Nyuma ya gari alikuwa amelaza mtungi mtupu, mwekundu, unang'aa.

"Nifungie huu, shemeji," alisema. "Gari likisimama nitakosa karo, na mwanangu Waruguru atatoka shule."

Makokha akatoa kisu. Teresiah akamshika mkono.

"Usiniharibie mali. Aliyeniuzia amesema ni mpya. Kama hutaki, sema, kuna fundi kule Donholm ananingoja."

Makokha alikishusha kisu. Angeweza kusingizia kwamba vifaa vimekwisha, lakini mama huyu angeondoka nao na ungefungwa Donholm kabla ya jioni. Alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Mama Waruguru, ule mtungi uliomuua Mbuthia ulikuwa na kutu. Niliiona. Mwenye gari alitaka upendeze, nikaupaka rangi ya fedha, na mumeo sikumwambia. Aliufunga, akaujaza, akalitoa gari kulijaribu akijua amebeba mtungi mzima. Ukapasukia hapo Jogoo Road."

Teresiah aliegemea pikapu.

"Ulibeba jeneza lake," alisema.

"Nililibeba."

"Na ukala kwangu. Kila Krismasi, miaka sita."

Makokha aliinama. Akalia mbele ya mafundi wenzake bila kujificha. Kisu kilikuwa kimemponyoka. Teresiah hakulia. Aliutazama mtungi wake kwa muda, akakiokota kisu, akamkabidhi.

"Kwangua."

Alikwangua. Chini ya wekundu ule kutu ilitoka magamba kwa magamba, na mahali pamoja ncha ya kisu ikazama ndani. Waliushusha pamoja. Teresiah akaingia garini, akaliwasha kwa petroli kidogo iliyobaki.

"Huo baki nao," alisema. "Kwangu usije tena."

Krismasi ya mwaka huo Makokha alikaa peke yake chumbani mwake Makongeni. Asubuhi aliisikia pikapu ya mikate ikija. Haikusimama, naye akamshukuru Mungu kwamba bado inapita.